Baba anataka daktari, kijana anasema "yoyote tu"

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 17, matokeo ya kidato cha nne yametoka na amepata daraja la pili, pointi 20. Baba yake anataka arudie mtihani ili asome PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) awe daktari. Yeye ukimuuliza anajibu "sijui, yoyote tu," na kutwa anashinda kwa fundi wa redio na pampu hapo mtaani. Nimebaki katikati. Nimfanyeje? – Mama, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Matokeo uliyonitumia nimeyapitia somo kwa somo, na nitaanzia hapo maana ndiyo yatakayopunguza kelele nyumbani. Jiografia B, Kiswahili B. Hisabati, Fizikia, Kiingereza na Uraia C. Kemia, Baiolojia na Historia D.

Ili mtoto apangiwe kidato cha tano shule ya serikali, alama za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaoutaka, zikijumlishwa hazitakiwi kuzidi 10 (A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4). PCB yake inafika 11. PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati, ni 8. Mpe mzee wako karatasi na kalamu ajumlishe mwenyewe. Hesabu akiipiga kwa mkono wake haitaonekana kama mke anabishana naye.

Kurudia mtihani sikushauri. Atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, atafanya mtihani Novemba, atasubiri matokeo hadi Januari na kuanza kidato cha tano Julai. Mwaka mzima umekwenda. Hata akizipata C za Kemia na Baiolojia, udaktari utamdai ufaulu mzuri wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita, na mawili kati ya hayo ndiyo yanayomlemea leo. Kama moyo wa baba uko kwenye afya, mwambie mlango haujafungwa: diploma ya utabibu ya miaka mitatu inapokea wenye ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kijana anazo. Swali ni kama anaitaka kazi hiyo, na hapo ndipo pagumu.

"Sijui" ya mtoto wa miaka 17 mara nyingi ina maana "nikisema, patawaka moto." Acha kumuuliza anataka kuwa nani, swali hilo ni kubwa mno. Muulize ya jana. Ulitengeneza nini kwa fundi? Kilikuwa kimeharibika wapi? Ulijuaje? Akikueleza kwamba pampu ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka, wakapima wakakuta kapasita imekufa, basi huyo anafuatilia sababu ya jambo, na hiyo C ya Fizikia ina mizizi. Akishindwa kueleza chochote zaidi ya stori za vijana wenzake, utajua pale anafuata kijiwe tu. Muulize hivyo kwa wiki mbili, jikoni au njiani, baba asiwepo.

Kisha aone kazi kwa macho. Siku tatu kwa mpima ardhi, siku tatu kwa fundi umeme mwenye leseni, siku tatu kwenye zahanati kwa tabibu atakayekubali akae naye. Wa kumtafutia watu hawa awe baba yake, kwa sababu mzazi aliyeshiriki kutafuta hupata shida kukataa majibu. Kila anapomaliza aandike nusu ukurasa: kazi gani ilikula muda mwingi, kipi kilimchosha, mwenye kazi alisoma wapi na kwa miaka mingapi. Mengi yatabadilika hapo. Wapo wanaotaka udaktari hadi waone kidonda, na wapo wanaodharau upimaji hadi washike kifaa chenyewe.

Baba naye usimpinge mbele ya mtoto. Muulize faraghani neno "daktari" linabeba nini kwake: ajira, heshima, au ndoto yake mwenyewe iliyokwama? Akiwa mgumu, mtume kaka yake mkubwa. Maneno hayohayo yakitoka kwa baba mkubwa huwa mepesi zaidi kumeza.

Ushauri wangu kwenye machaguo: PGM iwe ya kwanza, na kwa upande wa vyuo, diploma ya uhandisi wa umeme katika vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha. PGM humfikisha kwenye uhandisi na upimaji ardhi. Ila isikudanganye kwamba ni nyepesi. Hisabati ya kidato cha tano huwaangusha wengi muhula wa kwanza kwa sababu aljebra na trigonometria za nyuma zililegea. Kuanzia sasa hadi Julai afanye saa moja na nusu kila siku ya mada hizo mbili, kwa mitihani ya miaka iliyopita. Baadaye chuo kikuu kitadai angalau alama 4 katika masomo mawili ya msingi, ambapo A ni 5 na E ni 1. D mbili zinatosha kuvuka, lakini kwa kozi zinazogombewa hazimpi nafasi. S, yaani ufaulu wa chini ya E, haihesabiki kwenye alama hizo.

Akichagua diploma, hapotezi shahada. GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi humwezesha kuomba chuo kikuu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya kozi za diploma. Chuo chochote kitakachowafuata kwa simu kikitaka ada ya haraka, hakikisheni kwanza kwamba kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi.

Dirisha la kubadili machaguo kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi na vyuo, hufunguliwa baada ya matokeo na halikai muda mrefu. Msimwachie kijana wa steshenari awajazie na kuondoka na nywila. Mwanao ajaze mwenyewe mkiwa naye, nywila iandikwe kwenye daftari, na namba ya simu iwe yako.

La mwisho, toa cheti chake cha kuzaliwa leo ulinganishe na jina alilosajiliwa nalo mtihani, herufi kwa herufi. Mahali pengine "Mohamedi", pengine "Mohamed", na uhakiki wa RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa, kwa ajili ya mkopo unakwama. Kama majina yanatofautiana, anzeni kurekebisha mwezi huu, kwa sababu wakati wa maombi ya mkopo foleni huwa ndefu na siku ni chache.