Maswali na majibu: Mpelelezi ndani ya garimoshi

Riwaya za upelelezi ziko tele. Mbona zile za enzi ya reli za kwanza zinanishika kuliko nyingine?

Mimi nasema ni kwa sababu ya chumba. Mabehewa ya abiria ya Uingereza wakati ule hayakuwa na ujia wa ndani. Kila chumba kilikuwa na milango yake ya kutokea nje, na treni ikishaondoka, uliyeketi naye ndiye huyo huyo mpaka stesheni ifuatayo. Ukipiga yowe, kelele za injini na magurudumu zinalimeza.

Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Tarehe 9 Julai 1864, mzee Thomas Briggs, karani wa benki, alipigwa ndani ya chumba cha daraja la kwanza jijini London, kisha akatupwa relini. Muuaji, kwa haraka yake, aliondoka na kofia ya mzee akaacha yake. Kofia iliyoachwa ikawapeleka askari kwa Franz Müller, ambaye tayari alikuwa baharini kuelekea New York kwa meli ya matanga. Inspekta Richard Tanner akapanda meli ya mvuke, akampita njiani, akafika mapema na kumngoja. Kila nikisoma habari hii nasisimka pale pale: mkimbizi anahesabu siku za uhuru, kumbe mvuke umeshamtangulia.

Bila alama za vidole wala maabara, wapelelezi wale walitegemea nini?

Macho, miguu na waya. Idara ya upelelezi ya polisi wa London ilianza mwaka 1842 ikiwa na watu 8 tu. Lakini kando ya reli zilipita nyaya za telegrafu, na mwaka 1845 zikamnasa John Tawell. Alikuwa amemuua mwanamke kwa sumu karibu na mji wa Slough, akapanda treni ya kwenda Paddington, stesheni ya London. Stesheni ya Slough ikatuma habari mbele: mtu aliyevaa kama wafuasi wa madhehebu ya Quaker. Mtambo haukuwa na herufi Q, ikabidi waandike “Kwaker”, na aliyepokea akahangaika kulielewa neno hilo. Hata hivyo Tawell aliposhuka, tayari kulikuwa na askari wa kumfuata. Kijambo kidogo kama herufi iliyokosekana kinaweza kubeba sura nzima ya riwaya.

Mwandishi akianza kueleza mitambo kurasa kwa kurasa, naziruka. Nakosea?

Hukosei. Kosa ni la mwandishi, kama mitambo hiyo haifanyi kazi yoyote katika uhalifu. Tazama wizi wa dhahabu wa Mei 1855, katika treni ya kutoka London kwenda Folkestone: wezi walichonga funguo bandia za masanduku, wakamvuta gadi wa treni upande wao, na walipotoa dhahabu wakajaza marisau, yaani punje za risasi, ili uzito usiwasaliti. Hapo kufuli na mizani ndiyo hadithi yenyewe, na hakuna msomaji atakayeruka.

Na Marekani, kuna kitu?

Kipo kingi. Anza na Kate Warne, mpelelezi aliyeajiriwa na shirika la upelelezi la Pinkerton mwaka 1856, na aliyesaidia kumpitisha Abraham Lincoln kwa siri, usiku, kwa treni kupitia Baltimore mwaka 1861. Ndugu wa ukoo wa Reno nao walivamia treni huko Indiana mwaka 1866.

Nataka kuandika riwaya ya aina hii. Nianzie wapi?

Chagua mwaka kabla ya kuchagua maiti. Riwaya nyingi huniharibikia mikononi kwa sababu mhusika wa mwaka 1850 anavuta kamba ya dharura, ilhali sheria iliyozilazimisha treni za safari ndefu kuwa na njia ya abiria kumwita gadi ilikuja mwaka 1868, baada ya kifo cha Briggs.

Kisha shughulika na saa. Kabla ya reli kila mji ulifuata jua lake, na Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama 10. Kampuni za reli zilianza kutumia saa ya London miaka ya 1840, lakini sheria ya saa moja kwa Uingereza nzima haikupitishwa mpaka 1880. Basi shahidi wako akiapa kwamba alimwona mtuhumiwa Bristol saa nne kamili, mpelelezi amuulize: saa nne ya mji, au saa nne ya reli?