Kinundu cha pafu: acha kutafuta mnunuzi wa shamba, tafuta eksirei za zamani

Mleta mada, simama hapohapo. Umeandika kwamba mama alipigwa siti skani baada ya kuanguka na bodaboda, wakakuta kinundu cha milimita 5 pafu la kulia, na sasa unatafuta mnunuzi wa shamba la michungwa Muheza ili umpeleke India. Hayo nimeyasoma kwa utulivu. Kilichonipandisha presha ni ule mstari wako wa mwisho: "eksirei zake za zamani tumezitupia stoo, hazina kazi tena." Hazina kazi? Nani kakwambia?

Umeuliza mambo manne, saratani, moshi wa kuni, chakula na bima. Leo najibu la saratani tu.

Mimi mtu wa Ngamiani. Kifua kikuu niliugua, nikameza dawa nikapona, na mwisho wa dozi, 2012, wakanipa eksirei ndani ya bahasha ya kaki. Mwaka 2019 kikohozi kikanishika, nikapigwa siti skani: kinundu cha milimita 11, juu kulia. Daktari wa hapahapa Tanga, kijana mpole, akaniambia nilete picha ya zamani, na kama haipo nirudi baada ya miezi mitatu turudie kipimo. Neno saratani hakulitamka. Nililisikia mwenyewe.

Nyumbani nikamkuta shemeji. Shemeji aliwahi kusimama kaunta ya duka la dawa, basi tangu hapo ukoo mzima unamwita dokta. Akasema, "Picha ya 2012 ya nini? Mashine zile za kizamani. Kitu kimeonekana leo, kimeota leo." Nikamwamini! Akaniunganisha na dalali wa kupeleka wagonjwa nje, jamaa anayejua bei za tiketi kuliko anavyojua pafu liko upande gani. Dalali naye akaniambia miezi mitatu ni ya watu wanaotaka kufa.

Na hiyo eksirei ilikuwa wapi? Nilikuwa nimeipigilia misumari kwenye dirisha la banda la kuku, inazuia upepo wa bahari. Msicheke. Vifaranga walikuwa wanakufa, na plastiki ni plastiki.

Kiwanja changu cha Pongwe kikaondoka, kwa bei ya mtu mwenye haraka, na mnajua madalali wa viwanja wanavyoinusa haraka. Kule nje nikafanyiwa kipimo cha PET. Wanakudunga sukari yenye mionzi, na sehemu ya mwili inayoila sana inawaka kwenye picha. Changu kikawaka, nikaanza kuandika wosia kichwani. Hakuna aliyenieleza kabla kwamba uvimbe wa TB nao huwaka, si saratani peke yake. Basi ikaja sindano ya kupita kati ya mbavu kuchukua kinyama. Hewa ikavujia nje ya pafu, pafu likanywea, nikawekwa mpira kifuani. Siku za kitandani zikaongezeka, bili nayo ikaongezeka. Majibu yakatoka: granuloma, yaani donge lililoachwa na kifua kikuu changu kilekile nilichokwisha kupona. Daktari wa kule akauliza kupitia mkalimani kama sina picha ya zamani. Nikamjibu ninayo, ila inatumika.

Niliporudi nikaibandua. Ina mikwaruzo ya makucha na matundu ya misumari kwenye kona. Yule kijana mpole akaifuta na pamba, akaibandika kwenye taa yao, akaweka kidole chini kidogo ya mtulinga. "Hiki hapa." Mahali palepale, ukubwa uleule, miaka saba. Shemeji nilipomwonyesha akasema mashine za zamani zilikuwa nzuri. Huyo mtu bado tunakula naye Idi.

Sasa nisikilize. Kinundu kigumu, yaani kilichojaa kwenye picha, ambacho hakijakua kwa miaka miwili, kwa kawaida madaktari wanakihesabu si saratani. Kile chenye sura ya ukungu hufuatiliwa hadi miaka mitano, maana hata kikiwa kibaya hukua polepole. Kwa hiyo eksirei au siti skani ya zamani, ikionyesha kitu hichohicho, inakupa miaka yako miwili leoleo bila kulipa senti. Ndiyo maana nasema picha ya zamani kwanza, mengine yote baadaye.

Na cha mama yako ni milimita 5, umesema mwenyewe hajawahi kuvuta sigara. Mwongozo wa 2017 wa Jumuiya ya Fleischner, wataalamu wa picha za kifua, ambao ndio madaktari wa picha wengi wanaufuata, unasema kinundu kigumu kilicho chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na vihatarishi kama sigara hakihitaji hata kurudiwa. Cha 6 hadi 8 hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8 ndipo yanakuja mambo ya miezi mitatu, PET au sindano. Mwongozo huo hauwahusu walio chini ya miaka 35, wenye saratani tayari, wala wenye kinga iliyoshuka. Na anayekohoa damu au anayekonda asisubiri ratiba yoyote. Muulize daktari wake: ni kigumu au cha ukungu? Kimeganda chokaa au hapana? Wakiamua kurudia, omba mashine ileile kama inawezekana, na ukiona tofauti ya milimita moja usianze kulia kwenye korido. Inaweza kuwa ni upimaji tu.

Kesho panda daladala uende stoo. Halafu pale alipopigwa siti skani usikubali karatasi ya majibu peke yake, omba CD yenye picha zenyewe, nakili kwenye flashi, bahasha iandike jina na tarehe. Kaunta wakikuzungusha, nenda moja kwa moja chumba cha picha. Wao ndio wanaozitunza.