Samli gani hiyo mnayouliza?

Swali lenu la wiki hii, eti samli ni dawa kama wasemavyo watu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi, au ni adui wa moyo, nimelisoma ndani ya matatu nikapitiliza steji yangu. Kwani mnauliza samli gani? Maana hapa Mombasa ukimtuma mtoto samli dukani anarudi na kopo la mafuta mgando limeandikwa samli ya mboga, kitu ambacho ng'ombe hajakisogelea kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziondoe mafuta ya transi, yale yanayotokea mafuta ya mimea yakigandishwa kiwandani, na sisi tumekaanga nayo miaka na miaka alafu lawama anabeba ng'ombe.

Mi samli naijua kwa Ba. Alikuwa jirani yetu Makadara, Mgujarati, wao juu sisi chini, na mtaa mzima ulimwita Ba mpaka muuza samaki. Alikuwa akikusanya malai, ile krimu ya juu ya maziwa, wiki nzima, anaitia mtindi, anaisuka mpaka siagi itoke, kisha anaibandika moto mdogo na kusikiliza. Siagi inatatarika weee, ikinyamaza ujue maji yameisha, epua. Vile vikahawia vinavyobaki chini ya sufuria alituchanganyia sukari tukapigania mwiko.

Sasa 1994, nina miaka 9, nikajimwagia mafuta ya bajia mkononi. Mamangu kakimbilia dawa ya meno, Ba akashuka ngazi mbio, "Maji! Maji!", akanishika mkono chini ya mfereji mpaka nikachoka kulia. Samli siku hiyo hakuigusa, na hili nalirudia kwa sababu kuna mtu atasoma hapa akaende kupaka samli kwenye jeraha bichi. Ni baada ya wiki kadhaa, malengelenge yashakauka, ngozi imebana inawasha vibaya, ndo akaniita juu. Sahani ya shaba, vijiko vinne vya samli, jagi la maji baridi. Anatia maji kidogo, anasugua kwa kiganja akizungusha, maji yakichafuka anamwaga anatia mengine, mara 100! Wenyewe wanaiita shata dhauta ghrita, yani samli iliyooshwa mara mia. Kazi yangu ilikuwa hesabu: bakuli mbili na kunde 100, kila akimwaga maji nahamisha kunde moja. Kunde 30 samli bado njano inanata. Kufika 50 ikaanza kuwa nyeupe, ile harufu ikaisha, ikawa laini inateleza kama losheni ya bei. Huko nje nasikia wenzangu wanacheza mchezo wa kati, wananiita, na Ba kafumba macho anazungusha tu, midomo inamcheza.

Lile kovu leo mpaka nikuoneshe mi mwenyewe ndo utaliona. Lakini je, ni samli au ni yale maji ya mfereji, au ni ngozi ya mtoto tu? Hapo ndo napata taabu.

Maana Ba mwenyewe hakuiona samli kama dawa ya kila mtu. Aliwashia taa za mungu wake, dawa chungu za unga alizichanganya nayo, akisema samli ndo inayoibeba dawa mwilini, na binti yake alipojifungua alipikiwa samli na tangawizi kavu na gundi ya mti, ile inayoliwa, ila asali na samli kwa uzani sawa alikataa katakata, kwao ni sumu. Mwenye homa hapewi. Tumbo lisilosaga vizuri halipewi. Na mumewe, mzee mnene wa makohozi, alikatiwa kabisa, anakula rotli, chapati zao, kavu huku anatuangalia sisi tunavyolamba mwiko.

Nilianza kuandika nikiwa nimekasirika kwa niaba ya samli, sasa hivi nakumbuka vipimo vya baba watoto vya mwezi uliopita, kolestro juu. Kijiko kikubwa kimoja cha samli ni gramu 14 hivi, na kama 9 kati yake ndo yale mafuta mazito, wanayoita yaliyoshiba, ambayo daktari kamkataza. Ng'ombe au si ng'ombe. Kwa hiyo kopo langu nimelipandisha kabati la juu, linashuka Ijumaa kwa ajili ya pilau, kijiko kimoja sufuria nzima. Mwenye moyo mzima na samli ya kweli ale, kwa kiasi, mi simzuii. Lakini mkinilazimisha nichague, andikeni dawa, ya kupaka. Labda.

Ba alifariki 2011 na sikuwahi kumwambia kwamba baada ya kunde ya 50 nilianza kuhamisha mbili mbili ili nikacheze. Kwa hesabu yangu samli ile ilioshwa mara 75.