Shule za praiveti Marekani: kuajiriwa mwalimu mweusi rahisi, kubaki ndo kazi

Dada uliyeuliza kama usaini na ile shule ya praiveti ya Virginia maana umesikia walimu weusi hawakai, ni kweli hawakai. Mimi nafundisha hesabu kwenye shule za aina hiyo miaka sasa, ya kwanza niliondoka, hii ya pili bado nipo. Wakubwa watakwambia wanaoondoka wanafuata hela kwingine. Wapo, ila wengi niliowaona walichoka.

Ile ya kwanza nilikuwa mweusi peke yangu upande wa sekondari, basi mtoto mweusi akilia analetwa kwangu, Februari ikifika mwezi wa historia ya watu weusi naandaa mimi, kamati ya daivasiti, yaani ya kuchanganya watu wa asili tofauti shuleni, mimi, na brosha ikichapishwa sura yangu iko ukurasa wa mbele kabisa. Posho hamna. Kocha wa mpira analipwa hela ya ukocha juu ya mshahara, ila ya kwangu eti ni moyo wa kujitolea! John King alipokuwa waziri wa elimu wa Obama, mwaka 2016, aliisema hiyo hadharani, akaiita kodi isiyoonekana wanayolipa walimu wasio wazungu.

Lakini kilichonitoa ni mzazi mmoja. Alimwandikia mkuu wa shule kwamba lafudhi yangu inamchanganya mwanae, na huyo mtoto alikuwa anafaulu vizuri tu. Mkuu badala ya kuja kuangalia daftari la maksi akaniletea mwalimu mwingine akae nyuma ya darasa langu na notibuku, wanafunzi wanageuka kumtazama yeye kila nikiandika ubaoni. Mzazi mwenyewe mchangiaji mkubwa. Elewa hizi shule ada yake nyingine inapita dola 40,000 kwa mwaka, majengo yanajengwa na michango, mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja na chama cha walimu mara nyingi hakuna, sasa hapo nani atasikilizwa?

Nilipo sasa alikuja mzazi na maneno yaleyale, mkuu wa idara akamjibu mwenyewe, mi nikaja kusikia baadaye. Tena tupo weusi kadhaa, na anayelea kikundi cha wanafunzi weusi anapunguziwa kipindi. Mshahara sio mkubwa kuliko kule, aisee, ila sijawaza kuhama.

Kwa hiyo usiulize wana sera gani ya daivasiti, wote wanayo imeandikwa vizuri. Uliza walimu weusi wako wangapi na yupi kakaa muda mrefu, halafu omba namba ya aliyeondoka, huyo ndo atakupa ukweli. Uliza ngazi za mshahara zimeandikwa au kila mtu anajadiliana kivyake. Na kwa kuwa ni Virginia, angalia shule ilianzishwa lini. Kaunti ya Prince Edward mwaka 1959 walifunga shule zote za serikali ili watoto weusi na wazungu wasichanganyike darasani, wazungu wakafungua ya kwao ya praiveti, zile za serikali zikakaa zimefungwa mpaka 1964. Ikiwa yako ni ya miaka hiyo waulize ilianzishwa kwa sababu gani, uone wanavyojibu.

Watoto wako usiwasahau, shule nyingi zina punguzo la ada kwa watoto wa wafanyakazi, lidai liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.