Nimpe fundi pesa anisubie pete ya banjo?

Swali: Fundi, shikamoo. Banjo yangu ya mtumba, ya nyuzi tano, sauti imefifia. Jamaa mmoja hapa Kisumu anasema atayeyusha koki kuukuu anisubie pete nzito ya shaba, ile inayokaa juu ya duara la banjo chini ya ngozi, nayo italia kama zile banjo za kampuni ya Gibson za miaka ya 1930. Nimpe pesa?

Jibu: Marahaba. Usimpe hata shilingi. Kila anayeniletea swali hili ameshaaminishwa kwamba chuma kikiwa cha manjano na kizito, basi kitatoa sauti. Si kweli! Koki ni shaba nyekundu na zinki, na mara nyingi imetiwa madini ya risasi ili ikerezeke kwa urahisi. Risasi hiyo haichanganyiki na shaba. Hubaki vitone vitone ndani yake, ikimeza mtetemo. Pete nzuri husubiwa kwa mchanganyiko wa kengele: shaba nyekundu kama asilimia 80, bati asilimia 20. Mchanganyiko huo ni mgumu, huvunjika upesi, na hausamehe uzembe. Ukiuchoma kupita kiasi unafyonza gesi, na ukipoa unabaki na matundu usiyoyaona. Nimewahi kukata pete ya namna hiyo kwa msumeno. Ndani ilikuwa kama andazi.

Hata ikisubiwa vizuri, kazi iko kwenye kukereza. Pete iingie kwenye duara la mbao kwa kusukumwa na mkono, ikikaza kidogo tu. Ikilegea, wanajaza karatasi na gundi, na nguvu ya ngozi inapotelea hapo hapo. Tena mbao hufura kwa unyevu wa ziwa, kwa hiyo vipimo vichukuliwe hapa unapoishi.

Yako, ifungue kwanza. Kama duara lake ni la alumini, pete hiyo haina pa kukaa. Kaza ngozi, nati moja baada ya nyingine, robo mzunguko kila mara, kisha hakikisha miguu ya daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, imelala sawasawa. Banjo nyingi zilizofifia ninazoletewa huamkia hapo.

Kinachonikera zaidi ni moshi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kabla shaba nyekundu yenyewe haijayeyuka, na ule moshi mweupe huleta homa na baridi usiku huo huo. Risasi nayo hutulia kwenye vumbi ambalo watoto wanachezea. Nimeona koki zikiyeyushwa uani, mama ananyonyesha hatua chache kutoka kwenye tanuri. Anayefanya hivyo asiachiwe kazi yoyote ya kuyeyusha, iwe pete, kengele ya shule au sufuria ya kupikia.