Kwa mkuu mpya wa shule, Newala au Tandahimba

Mwalimu, hongera kwa barua ya uteuzi. Atakayekusumbua kweli hatakuja na bahasha. Atakuja nyumbani kwako baada ya magharibi, mzee unayemheshimu, pengine mjumbe wa bodi yako. Atasema binti wa kidato cha tatu ana mimba, familia mbili zimeshaelewana, korosho zimelipwa na mahari ipo. Wewe andika tu kwamba mtoto kahama.

Ombi hilo lina huruma ndani yake, ndiyo maana ni zito. Mzee anawaza aibu, anawaza nani atalea. Na kijana mwenyewe unamfahamu. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, kwa hiyo ukitoa taarifa unajua unampeleka wapi. Ukinyamaza, rejesta inasema uongo kwa mkono wako na binti anaozwa.

Toa taarifa. Ila usimjibu mzee usiku ule. Mwambie, "Mzee wangu, kesho tulizungumze ofisini, mwalimu wa malezi awepo." Wengine hawaji, nawe endelea bila wao.

Wakuu wengi wakishaongea na afisa elimu kata huona wamemaliza. Mimi naona hapo ndipo kazi inaanza. Muite mama wa binti, umweleze kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu mwanawe kurudi darasani akishajifungua, kisha muulize nani atabaki na mtoto mchanga. Bila jibu la swali hilo, waraka utabaki karatasi.

Chakula cha mchana nacho kina ugomvi wake. Aliyechanga atakuuliza kwa nini wa jirani anakula bure. Mimi nasema wote wale. Mzazi anayeishi kwa korosho mwezi wa saba hana kitu, mdai baada ya minada, na umdai yeye. Mtoto usimrudishe nyumbani.

Viboko sitaviongelea sana: kanuni zinataka visizidi vinne, achape mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe. Ukikuta kitabu cha adhabu kitupu huku watoto wanakaa upande upande, muite makamu wako siku hiyohiyo, hata kama mmetoka chuo kimoja.