Sentensi kuu si lazima iwe ya kwanza

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wakiulizwa sentensi kuu ya aya, huchagua ya kwanza tu. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, wamezoea kutazama mahali, si maana. Chukua aya ya sentensi 5, ikate vipande, uvichanganye. Kila kundi litafute sentensi inayofafanuliwa na zile 4 nyingine; hiyo ndiyo sentensi kuu.

Kisha walinganishe sentensi hizi 3 ubaoni, waone ipi inafaa kuwa kuu: “Aya hii inahusu mbu” inataja mada bila kudai lolote. “Mbu hutaga mayai kwenye kifuu chenye maji” ni finyu mno. Huo ni mfano, na hapa ndipo wengi hunaswa. “Kusafisha ua hupunguza mbu” ina mada na dai, hivyo ule mfano wa kifuu unapata pa kukaa chini yake.

Wape pia aya ambazo sentensi kuu imewekwa mwishoni.